"Umejuaje?" Barua ya wazi kwa wanaosimamia masafa na ulinzi wetu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi.

Waheshimiwa,

Mlionizidi umri, shikamooni. Rika langu, habari za kazi.

Nawaandikia kutoka Kirumba, Mwanza, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Dirisha langu linatazama mwalo, na harufu ya dagaa inaingia bila kubisha hodi. Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, mwaka wa kumi na nne huu, na habari zangu nyingi ni za ziwa: bei ya sangara, vivuko, nyavu zilizokamatwa, ajali. Usiku, kazi ikiisha, nina mapenzi mengine ambayo mama mwenye nyumba hajayaelewa hadi leo. Nasikiliza redio. Si za muziki wala za mpira. Nasikiliza meli, ndege, waendesha redio wa ridhaa (wanaorusha sauti zao kwa mapenzi tu, si kwa kazi) wa mabara mengine, na majeshi ya nchi za mbali yanayozungumza hewani wazi. "Ng'wanawane," aliniuliza mama mwenye nyumba mwezi wa kwanza nilipohamia, "redio gani hiyo haipigi nyimbo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Barua hii ni jibu refu la swali lingine linalofanana na lake, nililoulizwa kwa ukali zaidi.

Ilikuwa usiku wa masika, upepo unatoka ziwani. Redio yangu ndogo ilikuwa kwenye chaneli 16 ya majini, megahezi 156.8, ambayo dunia nzima imekubaliana kuwa ni ya kuita na ya dharura. Kwa kawaida chaneli hiyo hapa kwetu ni kimya kama kaburi, maana wavuvi wetu wengi hawana redio, wana simu za mkononi. Usiku ule ikazungumza. Sauti ya mwanamume, Kiswahili chake cha haraka: boti ya mizigo, injini imezima, upepo unawasukuma kwenye miamba, wako watu saba. Akarudia. Akarudia tena. Sikusikia aliyemjibu. Nilitazama saa ya ukutani dakika mbili zikapita, nikashika simu na kupiga ofisi moja ambayo niliamini inahusika.

Nikaeleza nilichosikia: mahali alipotaja, idadi ya watu, injini. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Umejuaje?"

"Nimesikia kwenye redio."

"Redio gani?"

Nikajua nimeingia pabaya. Aliuliza jina langu, mtaa, jina la mjumbe wa nyumba kumi. Habari ya injini hakuigusa tena. Wale watu saba walivutwa alfajiri na wavuvi wa dagaa waliokuwa jirani, wote wazima. Wavuvi ndio waliowaokoa, si simu yangu, na sidai sifa yoyote. Siku ya pili walikuja watu watatu nyumbani kwangu, wapole kabisa, wakakubali na chai. Wakaondoka na redio yangu, na kile kifaa changu kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye kompyuta, na madaftari mawili, na waya wa shaba wa mita ishirini niliokuwa nimeufunga kutoka kwenye jiwe la nyuma ya nyumba hadi kwenye mwembe. Stakabadhi hawakuniandikia. Vilirudi baada ya siku arobaini na saba, pungufu ya daftari moja na ule waya. Waya najua ulikokwenda, shaba ina bei.

Ofisi hiyo siitaji, na nawaomba msiitafute. Wale watatu walikuwa wanatimiza wajibu kwa jinsi walivyouelewa, na mimi nilikuwa natimiza wangu kwa jinsi nilivyouelewa. Tatizo letu ni moja: hakuna karatasi, si kwangu wala kwao, inayosema kwa Kiswahili cha kawaida raia anaruhusiwa kusikia nini, kuandika nini na kunyamazia nini. Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba. Yaliyobaki katika barua hii ni maelezo.

Niwasimulie sehemu ya lile daftari, maana ndilo lililowatia wasiwasi zaidi kuliko redio yenyewe. Mkubwa wao alilifungua katikati, akakuta nimeandika 11175, tarehe, saa, na chini yake mstari wa herufi na tarakimu zisizo na maana, kama nambari ya vocha iliyochanganyikiwa.

"Hii ni ya jeshi?"

"Ndiyo, afande."

"Jeshi la nani?"

"La Marekani."

Alikaa kimya kidogo. Nadhani alitarajia nikane.

Nikamweleza, na naona nifanye hivyo hapa pia. Jeshi la Anga la Marekani lina mtandao wa mawimbi mafupi unaosikika karibu dunia nzima. Masafa yake yanajulikana miaka mingi, kilohezi 8992 na 11175 yakiwa ya kawaida zaidi. Mara kadhaa kwa siku sauti inasoma mfuatano wa herufi na tarakimu kwa utulivu wa mtu anayesoma majina ya watoto shuleni, anarudia, anaaga. Ni amri zilizofungwa kwa fumbo. Anayezielewa ni mwenye ufunguo peke yake, na ufunguo hauko Kirumba. Wanaziachia hewani waziwazi kwa makusudi, kwa sababu wanataka zimfikie rubani popote alipo, na fumbo lao wanaliamini. Warusi nao wanayo stesheni kwenye 4625 inayovuma mfululizo tangu enzi za Muungano wa Kisovieti, kama nyuki aliyenasa kwenye kopo. Mara mojamoja mvumo unakatika, mtu anasoma jina na tarakimu kwa Kirusi, kisha nyuki anarudi kopo lake. Usiku hewa ikiwa nzuri namsikia kwa mbali hapa Mwanza.

Mawimbi mafupi yanafika namna hiyo kwa sababu yanapanda hadi kwenye tabaka la anga lenye chaji za umeme, kilomita mia mbili hadi mia nne juu yetu, yanagonga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Hakuna mlango nilioufungua. Yanapita juu ya paa langu, juu ya Jiwe la Bismarck, juu ya ofisi zenu, usiku na mchana. Anayetaka kuyasikia anahitaji waya, redio na subira. Na umeme ukikatika ndiyo bora zaidi. Majirani wanapolalamika, mimi huwa nafurahi kimoyomoyo, kwa sababu taa na chaja zote za mtaa zinapozimika kelele zinazochafua mawimbi zinashuka ghafla, na stesheni zilizokuwa zimezama zinaibuka moja moja kama mawe ziwa linapopungua kina.

Mtaniuliza: mwandishi wa habari anapata nini hapo? Kwa nini usifanye kama wenzako, ukasubiri taarifa kwa vyombo vya habari?

Nina mifano miwili, yote ya mbali nasi. Machi 2011, Marekani, Ufaransa, Uingereza na washirika walipoanza kuishambulia Libya, ndege ya Marekani ilikuwa ikitangaza kwenye kilohezi 6877, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, ikiwaonya mabaharia wa Libya wasitoke bandarini. Dunia iliyapata maneno hayo kwa sababu msikilizaji wa kawaida huko Uholanzi aliyarekodi nyumbani kwake akayaweka wazi. Miaka kumi na moja baadaye, majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine, vikosi vingi vilikutwa vikizungumza kwenye redio zisizofungwa kabisa. Wasikilizaji wa ridhaa wakarekodi, na gazeti la New York Times likazichukua rekodi za mapigano ya mji wa Makariv, magharibi ya Kyiv, likazilinganisha na video na maelezo ya watu wa mji, likachapisha. Hapo askari wanasikika wakiomba msaada wa ndege, wakilalamika mafuta yamekwisha. Hakuna msemaji wa jeshi ambaye angeyasema hayo mbele ya kamera.

Kwenye mfano wa pili nataka mtazame neno moja: likazilinganisha. Sauti ya hewani si habari. Ni dokezo. Askari kwenye redio anadanganya, anakosea, anatania, au ni adui anayejifanya mwenzake. Mwandishi anayekimbilia kuandika "tumenasa mawasiliano" bila kuthibitisha kwa njia ya pili ni hatari kwake, kwenu na kwa wasomaji. Kwa hiyo mnapowaogopa waandishi wenye redio, mnayo sababu. Ila anayetakiwa kuogopwa ni yule asiye na kanuni, na mnaweza kumpa kanuni.

Sasa sheria. Nimezisoma, na nitakuwa mkweli ingawa ukweli haunipendelei sana. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika ibara ya 17, zinazitaka nchi wanachama kuzuia kunasa bila kibali mawasiliano yasiyokusudiwa kwa matumizi ya umma. Zinaendelea: zinakataza kutoa yaliyomo, kuyachapisha, kuyatumia kwa namna yoyote, na hata kutamka tu kwamba yapo. Sheria yetu ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 nayo inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka halali, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inajulikana hata kwa asiyewahi kuiona. Upande wa pili ipo Katiba, ibara ya 18, inayonipa haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Na ibara ya 16 inalinda mawasiliano ya mtu binafsi, ambayo naiunga mkono kwa mikono miwili. Anayesikiliza simu ya jirani yake ni mwizi.

Kati ya ibara hizo pana uwanja mpana usio na alama. Chaneli 16 ni mawasiliano yasiyokusudiwa umma? Imewekwa ili isikilizwe na kila aliye karibu! Rubani anayetaja nafasi yake kwenye masafa ya wazi, Mjapani wa ridhaa anayewasalimu wenzake, hali ya hewa ya baharini, vyote vimo kwenye kapu moja na siri za nchi? Kwa wale watatu waliokuja kwangu, ndiyo. Redio ni redio.

Wenzetu wameandika. Uingereza ina sheria ya 2006 iliyo kali kuliko watu wanavyodhani, lakini mamlaka yao ya mawasiliano inawaambia raia waziwazi wanachoruhusiwa kusikiliza bila kibali: matangazo ya kawaida, waendesha redio wa ridhaa, taarifa za hali ya hewa na za usafiri majini. Marekani wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya serikali na ya polisi yanayofikiwa kirahisi na umma, ya meli na ya ndege, na wito wowote wa dharura, huku ikikataza simu za watu. Unaweza usikubaliane na mpaka walioweka. Angalau unauona.

Niseme pia kosa langu, kama ni kosa, ili msije mkaambiwa na wengine. Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nazungusha kitufe pole pole, nikaangukia sauti za Kiswahili. Lafudhi ya nyumbani. Mpangilio wa maneno ulikuwa wa kijeshi, ule wa kuitana, kujibu na kufunga. Kwa mafunzo yangu ya uandishi nilitakiwa kusikiliza. Kwa mafunzo ya mama yangu nilitakiwa kuondoka, kama unavyopita nje ya nyumba ya watu ukawasikia wanagombana. Nilikaa. Dakika mbili, tatu hivi, siwezi kudanganya. Moyo unadunda kama wa mtoto aliyejificha uvunguni. Kisha nikazungusha kitufe, sikuandika masafa wala neno lolote, na daftari lililopotea halina ukurasa huo. Baadaye ikatangazwa kwa umma kwamba kulikuwa na mazoezi. Hata baada ya kutangazwa sikuandika kuwa nilisikia chochote, na leo naandika hili tu, bila mahali wala tarehe, kwa sababu siwezi kuwaomba mpaka huku nikijifanya sijawahi kuukaribia.

Jeshi letu silichezei. Mzee wangu alinisimulia tangu nikiwa mdogo jinsi Machi 1979 ndege ya Libya, katika kumsaidia Idi Amin, ilivyokuja kulipiga ghala la mafuta la Mwanza, ikaukosa mji mzima, na makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Wageni wanacheka wakisikia kwamba waliokufa walikuwa swala. Sisi tunaoishi hapa, pua na mdomo na Saanane, hatucheki sana. Najua kikosi kinachotajwa mahali kilipo kinaweza kufa. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, kabla hamjaniandikia yenu, ni hii: mwendo wa askari wetu, walipo, idadi yao, silaha zao, siandiki, hata nikiwa nimesikia kwa bahati mbaya, hata mhariri akiniahidi nini.

Lakini na ninyi mkubali jambo moja la kiufundi. Kifaa changu kile kidogo kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni. Mwaka 2012 watu wakagundua kwamba kwa programu ya bure kinapokea karibu kila kitu kuanzia megahezi 24 hadi 1,700 na ushei. Bei yake ni kama dola 30. Kinaingia mfukoni na kinapita forodhani bila mtu kugeuza shingo. Mwenye nia mbaya hatapiga simu ofisini kuripoti boti iliyozimika, na hatawakaribisha chai. Dhidi yake kinga ni kuyafunga mawasiliano yenyewe kwa fumbo na kwa masafa yanayorukaruka, kama majeshi ya kisasa yanavyofanya. Siri inayotegemea watu milioni kadhaa wa kando ya ziwa wasimiliki waya wa shaba haiwezi kudumu. Na ndege mnazodhani hazionekani, kijana yeyote wa Mabatini mwenye simu janja anaziangalia kwenye ramani zikipita, kwa sababu nyingi zinatangaza nafasi zake zenyewe kwenye megahezi 1090.

Kuna historia hapa ambayo huwa inanichekesha na kunisikitisha. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa hili kwenda kuivamia Bukoba, na shabaha yao kubwa ilikuwa mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani. Walipigana siku mbili, wakauangusha, na mji ukaporwa. Kanda hii ilikuwa vitani kwa ajili ya antena kabla babu zetu wengi hawajaiona redio. Vita vya pili, mwaka 1942, Waingereza haohao waliwahamishia Mombasa wanamaji wao wa kufumbua mafumbo, wakawaweka kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram, wakisikiliza redio za Wajapani waliokuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Na kwao nyumbani waliwachukua waendesha redio wa ridhaa zaidi ya elfu moja, makarani, walimu, wenye maduka, wakawapa karatasi na kalamu wawe wanasikiliza mawimbi ya Wajerumani kila jioni wakiwa sebuleni. Serikali ile iliangalia watu wenye ugonjwa kama wangu, ikaona kumbe wana faida.

Siombi kuajiriwa, msinielewe vibaya.

Ila ziwa hili lina sababu ya kuwataka wasikilizaji. Septemba 20, 2018, kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Bwisya, Ukara, wakafa watu 228. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wote mnalijua jina la Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyekuwa miongoni mwao. Kando ya ziwa, mwokoaji wa kwanza ni yule aliyekaribu, na aliyekaribu ni raia. Mwanza pamejengwa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kupitia mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria tunaoshirikiana na jirani zetu, na mimi nimeuandika mradi huo kwa furaha. Lakini kituo kina masikio yake, na ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na redio za majini zinasikika umbali wa macho tu, zikizibwa na kilima au kisiwa. Mimi huku mlimani nasikia wito ambao pengine hakuna mwingine aliyeusikia. Mwalimu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mwenye redio ya dola 30 angesikia nisichosikia mimi. Tuwe kumi, ishirini, tumejiandikisha, mnatujua kwa majina na kwa nyumba. Tukipiga simu, anayepokea aulize kwanza "wako wapi, wako wangapi?" na lile swali lingine aliulize asubuhi.

Ninachoomba kwa hiyo si kikubwa. Waziri na Mamlaka, kaeni mwandike mwongozo wa kurasa mbili tatu, Kiswahili cha mwalo, uonyeshe masafa yaliyo wazi kwa msikilizaji yeyote, yasiyoguswa kabisa, na yale ambayo mtu akiyaangukia anatakiwa kuondoka na kunyamaza. Uandikwe na neno juu ya dharura, kwamba anayesikia wito wa kuokolewa na kuuripoti hatendi kosa. Mtengeneze kibali cha msikilizaji, cha bei ambayo mwanafunzi ataimudu, kinachopatikana hapa kwenye ofisi ya kanda bila kumlazimu mtu kusafiri kwenda Dar es Salaam. Leseni za ridhaa zipo, na alama zetu za wito, yaani majina yetu ya hewani, zinazoanza na 5H zinapendwa dunia nzima kwa sababu tuko wachache hewani, lakini leseni ile ni ya kurusha. Asiyetaka kurusha, anayetaka kusikia tu, hana mlango.

Kwa Mkuu wa Majeshi ombi langu ni la kitabia zaidi. Mtupe afisa anayepokea simu. Mwandishi akisikia kitu asichokielewa, kiwe cha kwenu au cha jeshi la mbali, awe na mtu wa kumwuliza kabla ya kuandika, na mtu huyo awe na ruhusa ya kusema "hilo liache" au "hilo si letu, endelea". Nina hakika nitaambiwa "hilo liache" mara nyingi kuliko nitakavyopenda. Nitaliacha. Ninachokataa ni kukutana na jeshi langu kwa mara ya kwanza kupitia watu watatu mlangoni. Na popote itakapobidi kifaa cha mtu kichukuliwe, iandikwe stakabadhi yenye nambari, tarehe na jina la anayechukua, hata ikiwa ni kwa ajili ya waya wa mita ishirini.

Nimeshafunga waya mpya, jiwe lilelile, mwembe uleule. Mama mwenye nyumba ananing'inizia khanga zake hapo mchana, na sijapata ujasiri wa kumwambia zinanishushia mawimbi. Nawakaribisha mje msikilize, yeyote kati yenu au mtakayemtuma, avae nguo za kiraia au sare, nitaweka daftari mezani likiwa wazi. Njooni baada ya saa mbili usiku, na kama mtaa utakuwa gizani mtakuwa na bahati. Mkija na jenereta, nawaomba mliache mbali na nyumba. Lina kelele mbaya sana kwenye 11175.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa kujitegemea, Kirumba, Mwanza